Nilipompisha Mkwe Mlimani

Jumanne, 13 Januari

Sare za mwisho zimetoka leo. Sketi za kijani, mashati, na kaptula ya mtoto mnene ambaye mama yake anaapa si mnene. Mgongo unauma. Nilifunika cherehani, nikavaa buti, nikauzunguka uwanja wa Kanduyi mpaka jua likazama. Vijana wa mpira wamenizoea, hawanicheki tena. Buti zinabana kidole kidogo. Teresa anasema zitalegea. Teresa alisema hivyo pia kuhusu mume wake.

Naogopa. Niliandike tu hapa, maana hakuna wa kunisoma. Tangu nizaliwe nauona mlima kutoka mlango wa jikoni, na haijawahi kunijia kwamba ni mahali mtu huenda. Sisi huutazama kujua kama nguo zitakauka, basi. Halafu kikundi chetu cha kutembea pale kanisani kikaanza maneno makubwa: tupande Elgon, tufike Koitoboss, tuchungulie shimo la volkeno. Nilisema ndiyo kwa sauti kubwa kuliko wote. Wenzangu wamejitoa mmoja mmoja, huyu magoti, yule arusi. Tumebaki mimi na Teresa. Nikijitoa sasa nitasikia habari yake mpaka siku ya kuzikwa kwangu.

Teresa ni mwalimu, huko Kamukuywa. Anasema volkeno hiyo ilizimika zamani sana. Nikamuuliza nani alikwenda kuhakikisha.

Alhamisi, 15 Januari

Nekesa amepiga simu kutoka Kitale. Binti yangu, wa pekee. Miguu imevimba, mtoto anacheza sana tumboni. Bado wiki chache ajifungue. Ni mimba ya pili. Ya kwanza ilikuwa mvulana, alizaliwa amekamilika kila kidole, hakulia. Hatumtaji. Kila jina la Nekesa linapotokea kwenye simu moyo wangu huanguka kwanza, ndipo nasema haloo.

Hataki niende. "Mama, si ungengoja tu nizae?" Nikamwambia siku zimeshapangwa. Ukweli ni kwamba nikibaki hapa nitakaa nikiitazama simu na sitashona kitu.

Akasema Wanyonyi ananisalimu. Nikasema naye nimemsalimu. Wanyonyi ni mumewe, na hivyo ndivyo tunavyosalimiana mimi na mkwe wangu, kupitia kwa Nekesa. Sijawahi kumpa mkono. Hatujawahi kula pamoja wala kukaa chini ya paa moja. Akija hapa husimama nje ya ua akitazama barabara mpaka niingie ndani. Tukikutana njiani, mmoja wetu hutoka njiani kabisa na kugeuza uso, mwenzake apite. Ni heshima ya mama mkwe na mkwe. Niliikuta, na mama yangu aliikuta. Siku hizi wako walioacha, wanakumbatiana kwenye picha za arusi. Sisi hatujaacha. Naimba kwaya, nampenda Yesu, lakini nimekua nikisikia kwamba ukivunja mwiko huu hasara haikushiki wewe, huwashika watoto. Baada ya yule mvulana siwezi kucheza na jambo hilo.

Uso wa Wanyonyi siujui vizuri. Mgongo wake naujua. Fundi wa nguo haachi kupima watu kwa macho. Mabega mapana, la kulia limeshuka kidogo.

Jumamosi, 17 Januari, Kitale

Tumefika. Tumelala nyumba ya wageni ya kanisa, blanketi mbili na bado nasikia baridi. Nekesa alikuja kuniona sokoni. Tumbo limeshuka. Nilimkazia macho usoni na mikononi, nikamuuliza maswali mpaka akachoka. Wanyonyi yuko kazini na wageni, alisema. Huendesha gari la kampuni ya watalii. Sikuuliza zaidi. Mambo ya mkwe huulizi sana.

Jioni tukaitwa ofisini kwa wale wanaotupandisha. Kiongozi wetu, mzee aliyepanda mlima maisha yake yote, ana malaria. Dada wa ofisi akatabasamu akasema msijali, tumepata mwingine, atawangoja getini kesho. Nikajali papo hapo. Tuko watatu: mimi, Teresa, na kijana wa hapa Kitale anayeitwa Brayo, anafanya kazi benki. Miwani ya jua hata ndani ya nyumba. "Niaje mathe," akaniambia, "hii mlima tutaipanda kama ngazi bana." Nikampima. Kiuno cha mvulana, kifua cha karatasi.

Jumapili, 18 Januari, kambi ya kwanza

Mungu wangu.

Nilimjua kwa mgongo kabla hajageuka. Amesimama pale geti la Chorlim na karatasi mkononi, kofia ya kampuni kichwani. Bega la kulia limeshuka. Kiongozi wetu mpya ni Wanyonyi.

Nilishuka garini nikakimbilia nyuma ya gari, mtu mzima na buti zangu. Naye aliponiona alijigeuza kama aliyeumwa na nyuki, akaanza kuusoma ubao wa geti. Teresa akabaki katikati na mkoba. Yeye ni wa kwetu, alielewa bila kuambiwa. Brayo hakuelewa kitu, akadhani tumekosana kwa ajili ya deni.

Nilisema narudi nyumbani. Teresa akaenda kwa Wanyonyi, akarudi na maneno yake. Hii ndiyo mara yake ya kwanza kuongoza, miaka yote ni dereva tu. Wageni wakirudia getini hatapewa nafasi nyingine. Na mtoto anakuja. Lakini Mama akitaka kurudi, atamrudisha Mama na hatasema neno.

Ningefanya nini? Nimekaa nyuma ya gari nimeshika kichwa. Nikasema tupande.

Tumepanga hivi. Yeye mbele kabisa. Nyuma yake Brayo, kisha Teresa, kisha mimi, na nyuma yangu Ndiwa, askari wa wanyama mwenye bunduki, Msabaoti wa huku huku juu, mtu mkimya. Wapagazi wawili wanatangulia na mahema. Maneno yote kati yangu na mkwe yapite kwa Teresa. Garini hakuingia. Alikaa juu ya mizigo huko nyuma ya pikapu, uso nyuma, akala vumbi lote la barabara.

Tumepita misitu mikubwa. Pango moja tumelichungulia, lile ambalo ndovu huingia gizani kulamba chumvi ya ukutani. Kuta zina makovu ya pembe. Nilisimama mdomoni mwa pango, sikuingia. Harufu ya popo. Ndiwa akasema ndovu hawapo leo. Sikumuuliza anajuaje.

Sasa niko hemani na Teresa. Hema la Wanyonyi liko mbali, nyuma ya mti, mlango umegeuziwa msituni. Amefanya vizuri. Lakini naogopa. Siogopi ndovu tu. Mlima ni mahali pa kushikana mikono, kila mtu aliyewahi kupanda anasema hivyo. Na mimi nimekuja na mtu mmoja duniani ambaye siwezi kumshika mkono, na binti yangu ana mtoto wake tumboni. Ee Bwana, nirudishe chini bila kumgusa. Siombi kingine.

Jumatatu, 19 Januari, kambi ya juu

Miti imekwisha. Huku ni nyasi za mafundo mafundo, mawe, na mimea mirefu yenye shina kama mguu wa mzee na kishungi cha majani juu. Hewa nyembamba. Hatua chache, unapumzika. Hatua chache tena. Ukungu unatoka bondeni unatufuata.

Kichwa kinauma tangu mchana. Kisogoni, kama mtu anapigilia kitu. Sijasema. Jioni kiongozi anapaswa kumtazama kila mtu machoni na kumuuliza anajisikiaje, ndiyo kazi yake. Alimtazama Brayo. Alimtazama Teresa. Kwangu akatazama mawe, akamwambia Teresa aniulize. Teresa akaniuliza. Nikasema niko sawa. Angekuwa yule mzee wa malaria angeniona usoni na kujua nadanganya. Wanyonyi angejuaje? Uso wangu hajawahi kuuona. Nilisema hivyo kwa sababu nikiugua, wa kunihudumia ni yeye.

Alikula upande wa pili wa jiwe na wapagazi. Nilisikia akicheka kidogo. Sikujua kwamba hucheka hivyo.

Brayo hali vizuri. Miwani ametoa. "Mathe, hii mlima si mchezo," amesema, na sauti ilikuwa ya mtoto.

Baridi imeingia kwenye mifupa. Nimevaa kila kitu nilichobeba na leso kiunoni. Nyati wamepumua karibu na mahema, Ndiwa akawafukuza kwa kugonga sufuria. Ningelia, lakini Teresa angesikia.

Jumanne, 20 Januari, asubuhi

Brayo ametapika na anaongea maneno yasiyounganika. Wanyonyi amesema ashuke mara moja. Ndiwa amemchukua, wameondoka wakishikana mabega, bunduki begani. Wapagazi wanabaki na mahema. Tunaokwenda kileleni ni watatu: Wanyonyi, Teresa, mimi. Wa nyuma yangu hayupo tena.

Kichwa bado. Kuna jua kidogo. Naandika na glavu. Sijawahi kuogopa namna hii asubuhi.

Jumatano, 21 Januari, hospitali, Kitale

Niandike yote sasa, kabla akili haijaanza kuyapamba.

Tulipanda taratibu. Kilele kilionekana, jiwe kubwa lililokatwa kama meza, kisha ukungu ukakifuta. Ukamfuta na Teresa. Nilikuwa nasikia buti zake tu mbele. Njia pale ni nyembamba, upande wa kulia mwamba, upande wa kushoto mteremko wa nyasi unaoishia mahali nisipopaona. Niliimba moyoni ili nisifikiri.

Kisha nikasikia hatua zinashuka kuja kwangu. Nzito. Si za Teresa. Wanyonyi alikuwa anarudi kutuhakikisha, kwa sababu ya ukungu, kama kiongozi yeyote angefanya. Kivuli kikatokea kwenye weupe, kofia, bega lililoshuka.

Nikampisha.

Sikufikiri. Miguu ilifikiri. Mkwe anakuja, unatoka njiani. Nimefanya hivyo sokoni, nimefanya hivyo kwenye matope ya Kanduyi, nimefanya hivyo siku ya mazishi ya mume wangu. Nikatoka njiani kwa upande wa kushoto na kugeuza uso, na chini ya buti hapakuwa na kitu.

Sikupiga kelele. Nyasi zilinipita, mawe yalinipita. Nilisimamishwa na shina la mmea mmoja wa ile ya ajabu, mguu umekunjwa chini yangu. Nilisikia ukivunjika, sauti ndogo, kama kijiti cha kuwashia moto. Halafu maumivu yakaja.

Juu, Teresa analia akiita jina langu. Sauti yake inatoka pande zote. Nikaitika. Nikasikia wanaongea, kisha Teresa akapaza sauti: Wanyonyi anasema usisogee, anakuja.

Nikamkataza.

Nimelala hapa na shuka safi na naona aibu kuandika, lakini ndivyo nilivyofanya. Nilimwambia Teresa amwambie asiteremke. Awaite wapagazi. Aniache hapa, nitangoja. Teresa akajibu wapagazi wako mbali, mpaka kambini na kurudi ni giza. Nikasema nitangoja giza. Nilikuwa naliona tumbo la Nekesa mbele yangu waziwazi, na lile kaburi dogo. Nikasema moyoni, nikifa mimi nimeshaishi.

Nadhani Wanyonyi alikaa chini. Alikuwa anaogopa kama mimi, sasa najua. Mtoto ni wake pia, na yule wa kwanza alikuwa wake. Alimtuma Teresa ajaribu kushuka kwa kamba. Teresa alishuka kidogo, akateleza, akapiga mayowe, akavutwa juu. Akakaa akitetemeka na hakuweza tena.

Kisha mvua ya mawe. Ilinipiga usoni, mikononi. Nyasi zikawa nyeupe. Nilijikunja. Nilitetemeka mpaka meno yakauma, halafu kutetemeka kukaacha, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za maisha yangu, kwa sababu nilianza kujisikia vizuri. Joto. Usingizi mtamu. Nikawa namwona marehemu mume wangu amesimama kwenye nyasi anapiga pasi. Hakuwahi kushika pasi maisha yake yote. Nikajua nakufa.

Nikafumbua macho kwa nguvu. Nikaona buti mbili zinashuka.

Alikuwa anashuka kinyumenyume. Mwingine angesema ndivyo watu hushuka kwa kamba. Lakini hata alipofika mahali pa kusimama vizuri hakugeuka. Alikuja kinyumenyume mpaka chini, uso ameuelekeza kwa mwamba, kila hatua akipapasa kwa kisigino, asinione. Mara mbili aliteleza, akashikilia nyasi. Ningemwambia ageuke aangalie anakokanyaga. Sikuwa na sauti.

Akachuchumaa mbele yangu, mgongo kwangu. Mgongo ule. Karibu hivyo sijawahi kuuona. Koti limepasuka mshono wa kwapa.

Akasema, "Mama. Panda."

Alikuwa hajawahi kunisemesha. Tangu amwoe binti yangu, hayo ndiyo maneno ya kwanza.

Sikupanda. Nilisema, "Mtoto." Neno hilo tu. Nililisema kwa mkwe wangu, uso kwa mgongo.

Mawe ya mvua yanagonga kofia yake. Kisha akasema, na sauti ilikuwa imekatika, "Mama, nikikuacha hapa, nitaingiaje kwa nyumba ya Nekesa? Nitamwambia nini?"

Nikaifungua leso kiunoni. Vidole havikuwa vyangu. Nikampitishia begani, akaivuta mbele, akanifunga kwake kama mtoto afungwavyo, mikono yake ikitafuta ncha bila kugeuza kichwa. Aliniinua. Nilipiga kelele kwa maumivu ya mguu. Nikaweka shavu shingoni kwake kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka.

Alipanda na kamba, na Teresa akivuta juu akimwita Yesu. Kisha njia. Kisha njia yote ya kushuka. Sijui ilichukua muda gani. Nilisinzia, akawa ananiamsha. "Mama, usilale. Mama, ongea." Sikujua niongee nini na mkwe. Nikaanza kumhesabia vipimo vya sare, darasa la kwanza mpaka la nane, kifua, kiuno, mkono. Akawa anaitikia, eh, eh, kama mteja.

Jambo moja nitaliandika hapa na sitamwambia mtu. Alikuwa analia. Teresa alikuwa mbele hakuona. Mimi nilikuwa nimefungwa mgongoni mwake, nilisikia kila kitu. Alilia kimya njia nzima, kifua kinaruka, na hakupunguza mwendo.

Kambini wapagazi walinipokea. Alinishusha, akaenda nyuma ya jiwe. Sijamwona tena. Machela, gari, hospitali. Brayo yuko wadi ya wanaume, anaendelea vizuri, ameulizia miwani.

Ijumaa, 23 Januari, Kanduyi

Nimeletwa nyumbani. Mguu uliovunjika una plasta, mpaka juu ya goti. Nalala sebuleni.

Nekesa alikuja hospitalini jana. Anajua. Wanyonyi alimwambia mwenyewe usiku ule ule. Alikaa kitandani kwangu ameshika tumbo kwa mikono miwili, na hatukuliongelea. Alinichana nywele. Alipokuwa anaondoka alisema tu, "Mtoto anacheza, Mama." Nikamwambia vizuri. Alipotoka nikauma shuka.

Senge Rosa amefika leo asubuhi. Ndiye dada wa marehemu mume wangu, shangazi yake Nekesa, na mambo ya ukoo yote yako mikononi mwake. Nilimweleza tangu mwanzo. Alisikiliza bila kugusa chai. Nikangoja anifokee kwa kubebwa.

Alinifokea kwa kutoka njiani. "Ati unampisha mtu mpaka shimoni? Heshima gani hiyo? Ungegeuza tu uso bana, ukae kwa mwamba!" Alikasirika mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Kisha akalia. Kisha akala mkate wangu wote.

Amesema atakaa na wazee wa upande wa Wanyonyi. Kuna namna ya kusafisha, mbuzi atachinjwa, maneno yatasemwa. Nikamuuliza, je, itamfikia mtoto kabla hajazaliwa? Senge akajibu kwamba mbuzi ni mbuzi, mtoto ni wa Mungu. Sikujua kama hiyo ni ndiyo au hapana. Sikuthubutu kurudia.

Jumatatu, 26 Januari

Mbuzi amechinjwa jana, huko kwao. Sikuwepo, sikupaswa kuwepo. Senge anasema yamekwisha.

Hayajakwisha. Nimelala macho wazi. Kila nikifumba naona ule weupe na nasikia hatua. Nikiamka najua ni ndoto, halafu nakumbuka kwamba sehemu mbaya si ndoto. Sehemu mbaya ni tumbo la mwanangu. Niliogopa kufa mlimani, na ile hofu ilikuwa na mwisho wake. Hii haina.

Teresa amekuja na ndizi. Anataka turudi mwaka ujao tufike kileleni. Nimemwambia ashike adabu.

Jumapili, 1 Februari

Sijaenda kanisani. Mchungaji amekuja nyumbani, akaomba. Nilimweleza kidogo, nusu nusu. Akatabasamu, akasema hayo ni mambo ya zamani, mama, tumewekwa huru. Nikasema amina. Alipoondoka nilijaribu kujisikia huru. Nilijaribu mpaka chakula cha jioni.

Nekesa anasema mtoto ametulia leo, hachezi sana. Nilimwambia huwa hivyo karibu na siku zenyewe. Sijui kama huwa hivyo.

Jumamosi, 7 Februari

Uchungu ulianza jana asubuhi. Senge Rosa aliondoka na mfuko wa nguo za mtoto, nguo nilizoshona nikiwa nimelaza mguu juu ya kiti. Aliniahidi kupiga simu. Jana mchana alipiga, bado. Jioni, bado. Leo asubuhi simu yake haipatikani. Hupenda kusahau kuichaji. Nimemlaani Senge, nikatubu, nikamlaani tena.

Mvua kidogo, ya kwanza mwaka huu. Mlima haukuonekana. Nilikaa mlangoni na simu mapajani. Jirani alinipikia uji, ukaganda. Yule wa kwanza pia uchungu ulichukua siku na usiku. Sikuweza kuomba kwa maneno. Niliketi tu.

Mchana simu ikalia. Nikatazama. Haikuwa ya Senge. Ilikuwa namba ya Wanyonyi, niliyoiandika Nekesa alipoolewa, kwa ajili ya dharura. Haikuwahi kulia hata siku moja.

Nikaiacha ilie. Niseme kweli, niliogopa hata kuigusa. Mkwe hampigii mama mkwe simu. Mkwe anapiga mwenyewe kukiwa hakuna mwingine wa kupiga, au kukiwa na neno ambalo wengine wameshindwa kulisema. Ikakatika. Mikono yangu ilikuwa baridi kuliko kule juu.

Ikalia tena.

Nikapokea. Nikaiweka sikioni, sikusema haloo. Yeye hakusema haloo. Nilisikia pumzi yake, ile ninayoijua. Kisha pumzi ikasogea mbali, kana kwamba amenyoosha mkono na kuipeleka simu mahali fulani.

Mtoto alikuwa analia. Karibu kabisa na simu. Kilio kikali, cha hasira, kinapanda, kinakatika kuvuta hewa, kinapanda tena. Nilisikiliza kwa muda mrefu. Hakuna aliyesema neno, si yeye, si mimi.

Halafu akakata.